Mjumbe Akiwa Hayupo: Mwongozo wa Kukaimisha Madaraka katika Kanda za NationStates

Kwa siku 19 kanda niliyokuwa nikiitumikia kama Makamu wa Mjumbe ilikaa bila Mjumbe, ingawa jina lake liliendelea kuonekana juu ya ukurasa wa kanda kama kawaida. Alikuwa ameingia kwenye mitihani ya chuo bila kumwambia mtu. Sisi tuliobaki tulikuwa na katiba ndefu iliyoeleza kwa kina namna ya kumchagua Mjumbe na namna ya kumwondoa, lakini haikuwa na hata sentensi moja kuhusu la kufanya iwapo hayupo tu. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kanda ambazo bado hazijafikwa na hali hiyo, na pia kwa zile ambazo zimefikwa nayo leo na zinatafuta pa kuanzia.

Kwa msomaji mgeni, NationStates ni mchezo wa kwenye kivinjari ulioanzishwa mwaka 2002 na mwandishi wa Australia, Max Barry. Kila mchezaji huunda nchi yake, nchi hukusanyika katika kanda, na zile zilizojiunga na Baraza la Dunia, chombo cha mchezo kilichokuwa kikiitwa Umoja wa Mataifa hadi mwaka 2008, hupeana idhini. Nchi yenye idhini nyingi kuliko nyingine zote katika kanda ndiyo inayokuwa Mjumbe. Juu ya kanuni hizo chache wachezaji wamejenga serikali nzima zenye katiba, bunge, mahakama, mawaziri na uchaguzi. Katika kanda ya The North Pacific, kwa mfano, Mjumbe huchaguliwa kwa kipindi cha miezi 4. Mchezo wenyewe hauutambui uchaguzi huo hata kidogo, kwa kuwa kazi yake ni kuhesabu idhini. Kwa hiyo kiongozi ana vyeo viwili vinavyokaa juu ya kichwa kimoja, kimoja alichopewa na katiba na kingine alichopewa na mashine, na anayeandaa ukaimu akishughulikia kimoja tu atakuwa amefanya nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Tenganisheni kukasimu, kukaimu na kujaza nafasi

Lugha yetu imetupa maneno ambayo wachezaji wengi huyachanganya. Kukasimu ni kumpa mtu mwingine sehemu ya madaraka yako huku wewe ukibaki ofisini na ukiendelea kuwajibika kwa atakayoyafanya. Kukaimu ni kushika nafasi ya mtu kwa muda, kwa sababu mwenyewe hayupo. Kujaza nafasi ni jambo la tatu kabisa, kwani hapo mwenye cheo amekwisha kuondoka, iwe kwa kujiuzulu, kuondolewa au kutelekeza, na anayeingia haingii kwa niaba ya mtu.

Mjumbe anayemwachia Waziri wa Mambo ya Nje kazi ya kujibu barua za balozi anakasimu. Makamu anayeongoza kanda wiki mbili Mjumbe akiwa hospitalini anakaimu. Spika anayeitisha uchaguzi mdogo kwa sababu Mjumbe ametoweka anaanzisha mchakato wa kujaza nafasi. Andikeni vifungu vitatu tofauti. Sheria nyingi za kanda nilizozisoma hulundika mambo haya katika kifungu kimoja chenye neno "kutokuwapo", na matokeo yake ni kwamba mtu aliyeaga kwa safari ya siku 10 anarudi na kukuta watu wanabishana kama bado ana cheo.

Hatua ya 2: Andikeni orodha ya funguo na majina ya wanaozishika

Kabla ya kuandika sheria yoyote, kaeni chini muandike kila kitu ambacho kiongozi hukifanya kwa kubonyeza, kisha mbele ya kila kimoja muandike nani mwingine anaweza kukibonyeza leo hii. Msiandike nani anastahili. Andikeni nani anaweza.

Ndani ya mchezo wenyewe, Mjumbe mwenye mamlaka ya utendaji anaweza kuteua maofisa wa kanda, ambao idadi yao haizidi 12, na kumpa kila mmoja madaraka anayoyataka kati ya haya: mwonekano wa kanda, ulinzi wa mipaka, mawasiliano, balozi na kura za maoni. Ofisa wa mawasiliano anaweza kutuma barua kwa wakazi wote kwa mkupuo mmoja. Ofisa wa mipaka anaweza kufukuza nchi na kuipiga marufuku. Madaraka haya hayana tarehe ya mwisho, kwa maana kwamba ofisa uliyemteua kwa wiki moja atabaki na ufunguo mwaka mzima ikiwa hakuna aliyekumbuka kumwondoa.

Jambo linalowashangaza wengi ni ushawishi. Mjumbe au ofisa anapofukuza nchi, mchezo humkata ushawishi, na ushawishi hujengwa kwa kukaa katika kanda muda mrefu na kuwa na idhini nyingi. Kaimu aliyehamia kanda mwezi uliopita anaweza kuwa na ufunguo wa mipaka mkononi na bado akashindwa kumtoa mvamizi hata mmoja, sawa na mlinzi aliyekabidhiwa lango bila rungu. Kwa hiyo katika orodha yenu, mbele ya jina la kila ofisa wa mipaka, andikeni pia ushawishi alionao.

Nje ya mchezo kuna funguo nyingine ambazo husahauliwa mpaka siku zinapohitajika. Seva ya Discord, programu ya mazungumzo ambako wakazi hukutana, ina mmiliki mmoja tu, na ni yeye mwenyewe anayeweza kuuhamishia umiliki huo kwa mwingine kupitia mipangilio. Msimamizi mwingine yeyote, hata awe na ruhusa zote, hawezi kumgusa mtu ambaye cheo chake kwenye seva kiko sawa na chake au juu yake. Kuna jukwaa la kanda ambako bunge hukutana, na kuna mtu anayelipia huduma ya kulihifadhi. Kuna jedwali la wapigakura ambalo mara nyingi liko kwenye akaunti binafsi ya katibu aliyestaafu zamani. Katika kanda yetu, siku ile ya 19, tuligundua kwamba Mjumbe ndiye pekee aliyeweza kuhariri orodha ya raia. Kwa hiyo hata tungetaka kumwondoa kwa kura, tusingeweza kuthibitisha nani ana haki ya kupiga kura hiyo.

Hatua ya 3: Wekeni siku, na mseme zinahesabiwa wapi

Kutokuwapo kuna sura mbili. Kuna kule kwa kuaga, na kuna kule kwa kimya. Kwa kule kwa kuaga hakuna mashaka, kwa kuwa tarehe zimetajwa. Tatizo liko kwenye kimya, na hapa sheria lazima itaje idadi ya siku na mahali ambapo ukimya huo unapimwa. Sheria ya The North Pacific ni mfano mzuri kwa ufupi wake: ofisi huhesabiwa kuwa imetelekezwa mwenye ofisi asipoingia kwenye jukwaa la kanda kwa wiki mbili bila taarifa ya awali. Angalieni maneno "asipoingia kwenye jukwaa". Haisemi "asipoonekana", kwa sababu siku zote kuna mtu atakayedai kwamba alimwona Discord usiku wa manane akiwa na alama ya kijani.

Wiki mbili zinafaa kwa kutangaza ofisi wazi, lakini kwa kuanza kukaimu ni nyingi mno. Pendekezo langu ni kuwa na vizingiti viwili. Baada ya saa 72 za kimya cha Mjumbe, au siku 7 za kimya cha waziri, ukaimu uanze wenyewe bila kura ya mtu yeyote. Na baada ya siku 14, ofisi ihesabiwe wazi na mchakato wa uchaguzi mdogo uanze. Mjumbe nimempa saa chache kwa sababu mambo yake hayasubiri. Azimio la Baraza la Dunia hukaa kwenye kura kwa siku 4 tu, na kura ya Mjumbe huongezewa uzito kwa idadi ya idhini alizonazo, hivyo Mjumbe mwenye idhini 200 akikosekana kwa wiki moja kanda nzima inaweza kupoteza sauti yake katika maazimio mawili.

Kumbukeni pia saa ya mchezo wenyewe. Nchi isiyoingiwa na mwenyewe kwa siku 28 hufutika, na mwenye kuweka hali ya likizo huongezewa muda hadi siku 60. Nchi ya Mjumbe ikifutika, ujumbe unakwenda kwa anayefuata kwa idhini, awe ni mtu mnayemtaka au mgeni aliyekuwa akikusanya idhini kimyakimya tangu mwezi uliopita. Kwa hiyo kizingiti chochote mtakachokiweka lazima kiwe kifupi kuliko siku 28, na kiache nafasi ya kutosha ya kufanya uchaguzi kabla mashine haijawaamulia.

Hatua ya 4: Pangeni safu ya warithi, na msiwachanganye walinzi na watawala

Safu ya warithi inapaswa kuwa na watu wasiopungua watatu, wakitajwa kwa vyeo na si kwa majina, isipokuwa pale ambapo kanda ina chombo cha usalama kinachotunza orodha ya majina yaliyopitishwa na bunge. Makamu wa Mjumbe ndiye wa kwanza kwa desturi. Baada yake kanda nyingi huingia kwenye baraza la usalama, yaani wakazi wa muda mrefu wenye idhini na ushawishi mwingi, na huo ni mpangilio wenye busara kwa sababu mashine nayo itawakubali.

Ninachokipinga ni desturi ya kumweka Spika au hakimu mkuu kwenye safu hiyo. Najua kanda ndogo hazina watu, na kwamba mara nyingi Spika ndiye pekee anayeingia kila siku. Lakini Spika ndiye anayeitisha kura ya kumwondoa Mjumbe na ndiye anayetangaza kama ofisi iko wazi. Akiwa pia ndiye kaimu, anaamua mwenyewe muda ambao atakaa kitini. Ikiwa hakuna njia nyingine, sheria iseme kwamba Spika akianza kukaimu anakoma papo hapo kuongoza vikao, na naibu wake anashika bunge mpaka ukaimu uishe.

Kwa mawaziri mambo ni mepesi. Kila waziri, ndani ya wiki ya kwanza ya kazi, ataje naibu mmoja kwa maandishi. Asipotaja, Mjumbe amtajie.

Hatua ya 5: Semeni kaimu haruhusiwi kufanya nini

Hii ndiyo hatua inayohitaji fikra nyingi kuliko zote, na kwa bahati nzuri hatuanzii gizani. Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mifano miwili nyumbani kwao. Ibara ya 37 ya Katiba ya Tanzania inaeleza nani hutekeleza kazi za Rais anapokuwa nje ya nchi, Makamu wa Rais kwanza na kisha Waziri Mkuu, lakini inamkataza anayetekeleza kazi hizo kulivunja Bunge, kumwondoa waziri au kufuta uteuzi uliofanywa na Rais. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 134, inamzuia anayekaimu urais kuteua majaji, kuteua au kufukuza mawaziri, kutoa msamaha kwa wafungwa na kutunuku nishani. Wakenya waliuona ukaimu wa namna hiyo ukifanya kazi mwezi Oktoba 2014, Rais Uhuru Kenyatta alipomwachia naibu wake, William Ruto, kiti kwa muda alipokwenda The Hague.

Mantiki ya makatazo hayo ni moja: kaimu ashughulikie yale yanayoharibika yakisubiri, na ayaache yale ambayo yakishafanyika hayarudishiki au yanabadili uwiano wa nguvu. Katika kanda ya NationStates hilo lina maana kwamba kaimu anaweza kukaribisha wageni, kujibu balozi, kutuma barua ya kawaida kwa wakazi, kufukuza wavamizi na kupiga kura za Baraza la Dunia kwa kufuata matokeo ya kura ya wakazi. Hawezi kuteua wala kufukuza mawaziri. Hawezi kuvunja ubalozi, kusaini au kujitoa kwenye mkataba, kubadili sheria za uchaguzi, wala kuondoa ofisa mwingine wa mipaka. Nywila ya kanda, ambayo ikiwekwa huzuia yeyote asiyeijua kuhamia, iwe ruhusa ya dharura tu, yaani kanda ikiwa inashambuliwa, na aitolee maelezo bungeni ndani ya saa 24.

Wapo wanaoona kwamba orodha kama hii ni kutomwamini kaimu, na ndio maana nawakumbusha yaliyotokea kwenye mchezo mwingine, EVE Online, mwezi Februari 2009. Muungano wa Band of Brothers, ambao wakati huo ulikuwa miongoni mwa wenye nguvu kubwa zaidi katika mchezo huo, ulivunjwa kwa usiku mmoja na mkurugenzi wake mmoja aliyeamua kuhamia kwa mahasimu wao, Goonswarm. Hakudukua chochote. Alikuwa na ruhusa ya kubonyeza kitufe cha kuvunja muungano, akakibonyeza, na watengenezaji wa mchezo hawakuurudisha. Mwaka uliofuata Goonswarm wenyewe walipoteza umiliki wa maeneo yao kwa sababu bili za umiliki hazikulipwa. Wa kwanza waliangamia kwa kuwa ufunguo mkubwa ulikuwa mikononi mwa wengi. Wa pili kwa kuwa kazi ya kila siku ilikuwa mikononi mwa wachache mno. Kwa hiyo gawanyeni kwa ukarimu funguo za kazi za kila siku, na zile za kubomoa mzibanie.

Hatua ya 6: Kiongozi aage kwa maandishi

Tangazo la ukaimu lisiwe barua ya kuomba radhi kwa shughuli nyingi. Liwe na mambo matano: tarehe na saa ya kuanza, tarehe na saa ya kuisha, nani anakaimu, amekasimiwa nini, na njia ya kumpata mwenyewe kwa dharura. Mfano tunaoutumia sasa ni huu:

"Mimi, Mjumbe wa kanda hii, sitakuwapo kuanzia Jumatatu tarehe 3 saa 15:00 UTC hadi Jumatano tarehe 12 saa 15:00 UTC. Katika kipindi hicho Makamu wa Mjumbe atakaimu nafasi yangu. Nimemkasimu ulinzi wa mipaka, mawasiliano na mwonekano wa kanda. Hatateua wala kufukuza waziri, na hatavunja ubalozi. Kwa jambo la dharura nitafutwe kupitia Spika, ambaye ana namba yangu. Ukaimu huu utakoma saa iliyotajwa hapo juu, au pale nitakapoandika hapa kwamba nimerudi, lolote litakalotangulia."

Msisitizo wangu juu ya UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, una historia yake. Mwenzetu mmoja wa Mombasa aliwahi kuandika kwamba angekabidhi "saa tatu usiku", akimaanisha saa 21:00 kama sote tunavyohesabu huku, na kaimu wake aliyekuwa Kanada akatafsiri kuwa saa 3:00 alfajiri. Kwa saa sita kanda haikuwa na mwenyewe, na bahati yetu ni kwamba hakuna aliyekuwa akitutazama.

Hatua ya 7: Kabidhini kwenye mashine, na si kwenye karatasi tu

Tangazo likishatoka, Mjumbe afungue ukurasa wa utawala wa kanda, amteue kaimu kuwa ofisa ikiwa si ofisa tayari, na ampe madaraka yaleyale yaliyotajwa kwenye tangazo, si zaidi. Kisha kaimu ajaribu. Abadili neno moja kwenye maelezo ya kanda na kulirudisha, atume barua moja ya majaribio, afungue ukurasa wa mipaka aone kama vitufe vinaonekana. Jaribio hili huchukua dakika kumi, na lifanyike Mjumbe akiwa bado yupo.

Kamwe kiongozi asimpe kaimu nywila ya nchi yake. Nimewahi kuona hili likipendekezwa kwa nia njema kabisa, lakini mchezo unamruhusu mtu mmoja kuwa na nchi moja tu ndani ya Baraza la Dunia, na kaimu anayeiendesha nchi ya Mjumbe huku ya kwake nayo ikiwa mwanachama anaingia kwenye kosa linaloweza kuzitoa zote mbili barazani. Nchi ya Mjumbe ikitolewa barazani, idhini zake zimekwenda, na kiti kimekwenda nazo.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo sheria haiwezi kulitibu kwa maneno. Kiti chenyewe cha Mjumbe, pamoja na uzito wa kura yake katika Baraza la Dunia, hakikaimishiki kwa kitufe. Hakuna ukurasa wa kukihamisha. Kinahama pale tu mchezo unapohesabu idhini wakati wa sasisho, mara mbili kwa siku, saa sita usiku na saa sita mchana kwa saa za mashariki mwa Marekani, yaani saa moja asubuhi na saa moja jioni kwetu, au saa mbili wakati wa majira yao ya baridi. Kwa hiyo ukaimu wa muda mfupi huendeshwa na kaimu akiwa ofisa, huku Mjumbe akibaki kitini kwenye mashine. Ukaimu ukiwa mrefu, wakazi wanapaswa kuombwa wamwidhinishe kaimu na kuondoa idhini zao kwa Mjumbe, na zoezi hilo kwenye kanda ya watu mia huweza kuchukua wiki nzima ya kutuma barua na kubembeleza.

Ndiyo maana Makamu wa Mjumbe hapaswi kusubiri dharura ili aanze kukusanya idhini. Awe wa pili kwa idhini muda wote, karibu na Mjumbe lakini chini yake, na mkazi wa tatu awe mbali kiasi. Kanda nyingi huweka ukomo wa idhini kwa wakazi wa kawaida kwa sababu hiyohiyo. Wavamizi wanaijua hesabu hii kuliko sisi. Huhamia kwa wingi dakika chache kabla ya sasisho, humwidhinisha mwenzao mmoja, na sasisho likipita tayari yeye ndiye Mjumbe. Ukaimu uliotangazwa hadharani ni mwaliko kwao, kwa hiyo katika siku hizo ofisa mmoja wa mipaka awe macho saa ya sasisho, kwa zamu iliyoandikwa.

Kwa kanda zenye Gavana, yaani nchi yenye mamlaka ya juu kabisa katika kanda, hatari ni ndogo zaidi, kwani Gavana hahitaji ushawishi kumfukuza mtu na kiti chake hakitegemei idhini. Lakini naye ni binadamu, na naye hupotea. Tangu mabadiliko ya mwaka 2023 Gavana anaweza kutaja mrithi ndani ya mchezo. Ikiwa kanda yenu ina Gavana asiye na mrithi, acheni kusoma hapa mumwandikie kwanza.

Hatua ya 8: Kaimu aandike anayoyafanya

Kaimu afungue uzi mmoja, yaani mada moja kwenye jukwaa la kanda, na kuandika kila tendo la madaraka: tarehe, tendo na sababu. Mistari miwili kwa siku inatosha. Kumbukumbu za Discord za matendo ya wasimamizi hufutika baada ya siku 45, na kumbukumbu za binadamu hufutika mapema zaidi, hasa ugomvi ukizuka. Siku ambayo hakuna lililofanyika, aandike kwamba hakuna, ili kimya chake kisije kikahesabiwa kuwa naye ametoweka.

Hatua ya 9: Kurudi kwa mwenyewe

Ukaimu uishe wenyewe. Mwenye cheo aandike neno moja tu, kwamba amerudi, na madaraka yamrudie bila kura, bila hotuba na bila kuhitaji ridhaa ya kaimu. Siku hiyohiyo aondoe madaraka ya muda aliyompa kaimu kwenye ukurasa wa utawala, kwa sababu mchezo hautamwondolea, kisha asome uzi wa kaimu na atangaze kama kuna tendo analolitengua. Akikaa kimya kwa siku 7, yote yahesabiwe kuwa ameyakubali. Kaimu naye anastahili kinga: asishitakiwe kwa tendo alilolifanya ndani ya mipaka aliyopewa, hata kama Mjumbe angelifanya vingine.

Hatua ya 10: Ikiwa harudi

Siku 14 zikifika, Spika atangaze ofisi iko wazi na aitishe uchaguzi mdogo ndani ya siku 5. Hapa kanda nyingi hulegea, kwa kuwa kaimu anafanya kazi vizuri na hakuna anayetaka usumbufu. Sote tumewahi kufika kwenye ofisi fulani tukakuta kibao cha mlangoni kimeandikwa "Kaimu" mwaka wa tatu sasa. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2017 inaweka ukomo wa miezi 6 kwa mtumishi anayekaimu. Katika mchezo ambao kipindi kizima cha Mjumbe ni miezi 4, ukomo wa siku 21 ni mrefu wa kutosha. Kaimu aruhusiwe kugombea kama raia mwingine yeyote, lakini asisimamie kura, na barua za mkupuo kwa wakazi wakati wa kampeni zitumwe na ofisa mwingine wa mawasiliano.

Vilevile sheria iseme wazi kama aliyetoweka anaweza kugombea tena. Mimi naona aruhusiwe. Mjumbe wetu wa mitihani alirudi siku ya 20, akaomba radhi bungeni, akakabidhi orodha ya raia kwa katibu jioni ileile, na muhula uliofuata aligombea uwaziri wa utamaduni akapita. Barua yake ya kwanza kama waziri ilikuwa ya kumtaja naibu.